Makako, Kolwe, Tumbili

Mtu akikuita makako hapa Lubumbashi, hajakusifu. Wazee wetu walilisikia neno hilo kwenye migodi, kwenye karakana za reli na kwenye nyumba za Wabelgiji walimofanya kazi ya uboi. Walilisikia kwa Kifaransa, macaque, mara nyingi likitanguliwa na neno la uchafu. Uhuru ulikuja mwaka 1960, wenye tusi wakapanda ndege, tusi lenyewe likabaki. Leo tunarushiana sisi kwa sisi: dereva anamwita hivyo mwenzake aliyemziba njia, mama anamwita hivyo mtoto aliyepanda mwembe, na darasani anaitwa hivyo yule ambaye Kifaransa chake kimepinda.

Tulitazame neno hili kama watu wa lugha. Jambo la kwanza ni kwamba mnyama wake hayuko Kongo. Wale ambao wanasayansi wanawaita macaque wanaishi Asia, isipokuwa jamii moja iliyoko Afrika ya Kaskazini, katika milima ya Moroko na Algeria. Jambo la pili linatuhusu zaidi: neno lenyewe ni la Kibantu. Kamusi za asili ya maneno zinalirudisha kwenye Kireno, macaco, na kutoka Kireno zinalirudisha kwenye lugha za pwani ya mlango wa mto Kongo, ambako kaku ni mmoja na makaku ni wengi. Kiambishi ma- cha wingi bado kimo ndani ya neno la Kifaransa, kimekaa kimya kama abiria asiye na tiketi. Neno lilitoka kwetu, likapanda merikebu, likavaa nguo za kigeni, likarudi kututukana.

Nilipotangaza nyumbani kwamba kazi yangu ya kumaliza masomo ingegusa sauti za wanyama hawa, baba mdogo aliweka kijiko chini. "Tumekulipia minervali ili usome makako?" Swali lake halikuwa la dharau tu. Sehemu kubwa ya minervali yangu inatoka katika mahindi ya nkambo, na mahindi ya nkambo yanaliwa na hao hao ninaotaka kuwasoma. Kwa hiyo nina deni la kueleza, na jarida hili la kitivo chetu ni mahali pazuri pa kuanzia, maana hapa angalau nitasomwa na watu wanaojua kwamba sauti ni jambo la kazi.

Nkambo, mama yake mama yangu, anaishi upande wa Kasenga, karibu na kijito kinachoteremka kuelekea Luapula. Yeye hasemi makako. Anasema kolwe, kwa Kibemba. Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania na Kenya vinamwita tumbili, na neno hilo nitalitumia kwa sababu lina faida: halimchanganyi na nyani, ambaye ni mkubwa, ana pua ndefu kama ya mbwa na hutembea chini kama mwenye shamba. Tumbili wa kwetu ni mwepesi. Dume ana uzito wa kilo 5 au 6 hivi, jike kilo 4. Mgongo ni wa kijivu chenye rangi ya majani makavu, tumbo ni jeupe, mkia ni mrefu kuliko mwili, na juu ya macho umepita utepe mweupe kama kitambaa cha mtu anayelima juani. Korodani za dume ni za buluu. Nkambo huwaonyesha wajukuu jambo hilo bila haya yoyote, nami naliandika hapa kwa ajili ya sayansi.

Zamani wataalamu waliwahesabu tumbili wote wa Afrika kuwa jamii moja. Siku hizi wengi wanahesabu sita, chini ya jina la Chlorocebus. Kuna wa Afrika ya Magharibi wanaoitwa tumbili wa kijani, ambao wachache wao walivushwa bahari katika karne ya 17, njia ile ile ya merikebu za watumwa, na vizazi vyao mpaka leo wanaiba matunda katika visiwa vya Barbados na Saint Kitts. Kuna wale wa milima ya Bale huko Ethiopia wanaokula mianzi. Kuna wa Kenya, Tanzania na kusini. Wa kwetu Katanga, ambao wanapatikana pia Zambia na Angola, wanaitwa Chlorocebus cynosuros. Waliosoma Kigiriki kidogo watatambua: mkia wa mbwa.

Huyu si mnyama wa msitu mzito, wala si wa mbuga tupu. Anakaa mpakani. Usiku analala juu ya miti ya kando ya mto, asubuhi anateremka kutafuta matunda, maua, mbegu, utomvu wa miti, wadudu na mayai ya ndege, na hapendi kwenda mbali na maji. Mpaka wa miti na eneo wazi ndio nyumba yake, na kwa bahati mbaya mpaka huo ndio pia mahali ambapo binadamu anapenda kulima.

Ukoo wao ni wa akina mama. Jike anazaliwa, anakua na anafia katika kundi moja, na cheo chake ni cha mama yake: binti wa mkubwa ni mkubwa tangu ananyonya. Mimba ni ya miezi mitano na nusu hivi, mtoto ni mmoja, na anazaliwa na manyoya meusi na uso wa waridi, hivi kwamba kila jike kijana anataka kumbeba. Madume ndio wanaohama. Wakifika miaka mitano hivi wanaondoka kwenda kundi la jirani, na huko wanapokewa kama mkwe asiye na mahari.

Nirudi shambani. Nkambo anapanda mvua zinapokolea, mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili mahindi yanaanza kushika, na tangu hapo mpaka mavuno kuna vita. Watoto wanakaa kwenye kibanda katikati ya shamba na manati na debe la kupiga. Tumbili hawaji kama mvua. Wanakuja kama wezi. Mmoja anapanda mti wa pembeni, anaketi na kutazama. Wengine wanateremka, kila mmoja anavunja hindi moja, anatia jingine kwapani au mdomoni, anarudi mitini kula. Asubuhi moja inatosha kuondoa mstari mzima. Nimewahi kuhesabu na nkambo, kwa punje juu ya mkeka, mistari mingapi inafanya gunia, na magunia mangapi yanafanya mwaka mmoja wa chuo. Tangu siku hiyo siwezi kuwatazama tumbili kama mtalii anavyowatazama.

Jambo moja hapo shambani ndilo lililonishika. Mtu mzima akija peke yake, yule aliye juu ya mti anapiga kelele na kundi zima linakimbia kwa fujo. Jirani akija na mbwa zake za kuwindia, hakuna kelele. Unasikia kitu kifupi, kidogo, kama mtu anayesafisha koo kanisani, halafu miti imebaki tupu. Nkambo alikuwa akijua hilo kabla sijazaliwa. "Kwa mbwa wanaongea chini," alisema. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti mmoja aliyekaa na tumbili wa Kamerun aliona hivyo hivyo: penye wawindaji wenye mbwa, mlio wa hatari uligeuka kuwa mfupi na wa chini, na wanyama wakatoroka kimya, maana kupiga kelele kungemwonyesha mwindaji mti wa kulenga. Nkambo hakuandika makala. Lakini "kuongea chini" ni maelezo safi, na ni yeye aliyetumia kitenzi "kuongea". Mimi nisingethubutu.

Je, ni kuongea? Hapo ndipo inabidi nitoke Kasenga niende mpaka Amboseli, nchini Kenya, chini ya Kilimanjaro, kwa sababu tumbili waliosikilizwa kwa makini kuliko wengine wote ni wa huko.

Katika miaka ya 1960 Mmarekani Thomas Struhsaker aliwafuata na kuandika milio yao. Aligundua kwamba mlio wa hatari si mmoja. Wakimwona chui, dume anabweka kwa nguvu. Wakimwona tai mkubwa, wanatoa sauti fupi ya silabi mbili, kama kikohozi. Wakimwona chatu, wanatoa mlio wa kukwaruza unaorudiwa haraka haraka. Na kila mlio una mwendo wake. Kwa chui wanakimbilia mitini, mpaka kwenye vitawi vyembamba ambavyo chui hawezi kupanda. Kwa tai wanatazama juu na kujitupa kichakani. Kwa chatu wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Tazama jinsi ambavyo jibu la mmoja ni kifo kwa mwingine: ukikimbilia kilele cha mti wakati tai yuko angani, umejipeleka mezani.

Mtu mwenye shaka atasema kwamba mlio ni hofu tu. Mnyama ameogopa, amelia. Wenzake wamesikia, wametazama, wamemwona chui wenyewe, wamekimbia. Mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walikwenda Amboseli kujibu shaka hiyo, wakishirikiana na Peter Marler. Walirekodi milio, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakasubiri mpaka pasiwe na chui wala tai wala nyoka, kisha wakapiga kanda. Tumbili walipanda mti kwa mlio wa chui, wakatazama juu kwa mlio wa tai, wakachungulia chini kwa mlio wa chatu. Watafiti walirefusha milio, wakaifupisha, wakaipandisha na kuishusha nguvu, wapate kuona kama ni ukali wa hofu unaofanya kazi. Haikubadilisha jambo. Kilichohesabiwa ni mlio gani, si mlio mkali kiasi gani. Matokeo yalitoka mwaka 1980, na tangu hapo kila kitabu cha utangulizi wa isimu kina ukurasa wake juu ya tumbili.

Ukurasa huo huwa ni mmoja, nao huishia haraka, kwa hiyo tuliugombania sisi wenyewe nje ya darasa, mimi na rafiki yangu kutoka Bukavu. Yeye alishika upande wa mabwana. Alisema Saussure hatoshi. Ndiyo, ishara yao ni ya nasibu: mlio wa tai haufanani na tai hata kidogo. Lakini iko wapi ile ngazi mbili ya Martinet? Vipande vyenye maana, na chini yake vipande visivyo na maana vinavyovijenga vile vya juu? Tumbili hana fonimu. Hawezi kuchukua nusu ya chui na nusu ya nyoka akafanya neno la tatu. Na Hockett je? Binadamu anasema jambo lisilo mbele ya macho. Tumbili hana mlio wa "chui wa jana" wala wa "kesho tusipite hapo". Anasema chui, na chui yupo.

Karibu yupo, nilimjibu, nikamsimulia habari ya Kitui. Kitui alikuwa dume wa cheo cha chini huko Amboseli. Siku dume mgeni alipokaribia kundi lao, jambo ambalo lingemshusha Kitui zaidi, alipiga mlio wa chui. Chui hakuwapo. Mgeni alibaki juu ya mti wake. Mpaka hapo tungesema ni mjanja wa kupewa digrii. Lakini Kitui hakuacha: aliteremka, akavuka uwanda wazi kwa miguu kuelekea kwa mgeni, huku bado anapiga mlio wa chui. Rafiki yangu alicheka sana. Mwongo anayetembea katikati ya uongo wake! Cheney na Seyfarth walilieleza jambo hili vizuri: huenda tumbili anajua kwamba mlio unawafanya wengine wapande mti, bila kujua kwamba wengine wana vichwa vyenye mawazo, na kwamba mawazo hayo yatagundua kuwa anayelia amesimama chini bila wasiwasi.

Nakubali pia kwamba vipofu vyao ni vikubwa. Chui akiua swala humpandisha juu ya mti. Watafiti waliweka mzoga wa swala mtini penye tumbili, bila chui. Tumbili walipita tu. Waliwaonyesha alama ya chatu aliyejiburuta mchangani. Walipita tu. Mjukuu wa nkambo mwenye miaka sita asingepita. Tumbili ni msikilizaji hodari ambaye hajui kusoma, na naona jambo hilo linasema mengi juu ya umbali kati ya sauti na alama kuliko mihadhara kadhaa niliyoketi.

Lakini katika usikilizaji, hebu tuwape haki yao. Mtoto wa tumbili akiwa na miezi michache tayari ana milio mitatu, ila anaitumia ovyo. Anapiga mlio wa tai kwa njiwa, kwa bata bukini, na imewahi kuandikwa kwamba kwa jani linaloanguka. Hata hivyo ovyo yake ina mpaka: tai ni kwa vitu vya juu, chui ni kwa wanyama wa miguu minne, nyoka ni kwa vitu virefu vya chini. Wakubwa wanatazama juu. Kama ni njiwa, wanarudi kula na hawamwambii mtoto kitu. Kama ni tai wa kweli, nao wanapiga mlio. Hakuna anayemsahihisha, hakuna anayempa sifuri. Mtoto husikia mlio, humtazama mama kwanza, kisha hufanya kama mama. Wakiwa wakubwa wanabaki na tai wachache tu ambao kweli wanakula tumbili. Wanajifunza hata lugha ya majirani: kwezi akilia kwa hatari, tumbili wa Amboseli wanageuza vichwa upande unaofaa.

Kuna jaribio jingine ambalo nalipenda kuliko lile mashuhuri. Watafiti walirekodi kilio cha mtoto anayeonewa mchezoni, wakakipiga mbele ya majike kadhaa, mama yake akiwa mmojawapo. Mama alitazama kipaza sauti. Majike wengine walimtazama mama. Walijua ni mtoto wa nani. Nimesimama mara ngapi sokoni Kenya, hapa mjini kwetu, mtoto akalia upande wa samaki, na akina mama kumi wakageuka si kwa mtoto bali kwa mmoja wao?

Kwa muda mrefu nilidhani mlio wenyewe pia unafunzwa, kama sisi tunavyofunzwa Kiswahili. Kazi iliyotoka mwaka 2019 imenipa picha nyingine. Huko Senegal, tumbili wa kijani hawana kawaida ya kupiga mlio wa tai. Watafiti walirusha droni juu yao, kitu ambacho tumbili hajawahi kukiona tangu kuumbwa. Walipiga mlio, na mlio huo ulifanana sana na ule wa tai wa jamaa zao wa Afrika ya Mashariki, ambao walitengana nao tangu mamilioni ya miaka. Kinywa kilikuwa nao tayari, kinasubiri. Lakini siku chache baadaye watafiti waliwapigia sauti ya droni peke yake, bila droni, na tumbili walitazama angani. Mara moja ilikuwa imetosha. Kinywa ni cha kurithi na hakibadiliki. Sikio ni mwanafunzi mwepesi kupita kiasi. Katika kitivo chetu tunapima watu kwa vinywa vyao: nani anatamka vipi, nani bado ana lafudhi ya kijijini. Sijawahi kuona mtihani wa kusikiliza unaohesabiwa kwa uzito ule ule.

Rafiki yangu wa Bukavu alinyamaza kidogo hapo, kisha akaniuliza kuhusu madume wanaohama, na nilijua anauliza kwa nini. Alipofika Lubumbashi alisema bugali. Baada ya mwaka mmoja anasema bukari kama sisi, na akirudi likizo kwao dada zake wanamcheka. Nikamweleza ya Afrika ya Kusini. Katika KwaZulu-Natal watafiti waliwapa makundi ya tumbili mahindi ya rangi mbili, ya waridi na ya buluu. Katika kundi moja ya waridi yalitiwa uchungu, katika jingine ya buluu. Uchungu ulipoondolewa, tumbili waliendelea na rangi yao ile ile, na watoto waliozaliwa baadaye walikula rangi ya mama zao. Kisha madume wakahama, kama kawaida yao, wakafika penye kundi la rangi nyingine. Karibu wote waliacha ladha waliyokuja nayo, wakala walichokula wenyeji. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2013. Aliyebaki na rangi yake alikuwa dume mmoja aliyefika na kuwa mkubwa wa kundi papo hapo. "Basi mimi si mkubwa wa mtu," alisema rafiki yangu.

Nimemjibu baba mdogo pia, ila kwa njia nyingine, kwa sababu yeye ni muuguzi. Nilimwuliza kama anajua chembe zinazoitwa Vero. Anazijua kwa jina, ziko katika karatasi za chanjo. Zilikuzwa mwaka 1962 katika mji wa Chiba, Japani, kutoka figo la tumbili wa kijani, na tangu hapo zimeendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Chanjo ya polio ya sindano inakuzwa ndani yake, na ile ya Ebola iliyochomwa kwa mamia ya maelfu ya watu wa Kivu Kaskazini na Ituri vilevile. Jina lenyewe limekatwa kutoka Kiesperanto, verda reno, figo la kijani, na katika lugha hiyo hiyo vero maana yake ni ukweli. Baba mdogo aliguna. Kisha alisema kwamba figo si sauti, na kwamba mahindi bado ni mahindi.

Na mahindi kweli ni mahindi. Mwaka hadi mwaka miti ya miombo upande ule inakatwa kwa ajili ya makala tunayopikia hapa mjini. Nikiwa juu ya gari njiani Kasenga naona magunia yamepangwa kando ya barabara, yamefunikwa majani juu, na nyuma yake visiki. Tumbili hawezi kuishi kwenye visiki. Anasogea kwenye miti iliyobaki, na iliyobaki mara nyingi ni ile ya kando ya kijito, ambako ndiko kwenye mashamba. Nkambo anasema utotoni kwake kolwe walikuwa wengi zaidi lakini waliiba kidogo zaidi. Mara nyingine unaona kando ya barabara hiyo hiyo tumbili mchanga amefungwa kamba kiunoni anauzwa. Huyo ni wa kundi ambalo mama yake hayupo tena, maana mama wa tumbili hatoi mtoto akiwa hai. Ukikaribia anatoa mlio, na hakuna wa kuangalia upande wowote.

Somo langu limekubaliwa, kwa sharti kwamba nisiandike neno "lugha" bila alama za kunukuu. Sina ugomvi na hilo. Nataka kurekodi ule mlio mdogo wa mbwa, ule wa kuongea chini, na kuulinganisha na mlio wa mtu aliye peke yake, nijue kama ni mlio mmoja uliopunguzwa au ni milio miwili. Mwezi wa pili nitakuwa kwenye kibanda cha shamba na simu yangu na kipaza sauti cha kuazima. Nkambo naye ana sharti lake. Nikikaa kusikiliza, nisikilize nikiwa na manati mkononi.